Notsi za Kaboni

Harufu ya karatasi ya kaboni iliyoota jua ndiyo harufu ya utoto wangu. Ni harufu ya mafuta na masizi, kavu kidogo, ambayo hukaa vidoleni siku nzima hata ukivisugua kwa majivu, na sisi tulivisugua kwa majivu kwa sababu sabuni ilikuwa imeshakuwa kitu cha kusikia kwa majirani. Vijana wa leo pengine hawaijui kaboni. Ilikuwa karatasi nyembamba, ya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Uliilaza katikati ya karatasi mbili, ukaandika juu kwa kukandamiza kalamu, na maandishi yakajitokeza chini pia, hivyo kazi moja ikakupa nakala mbili. Iliyotumika sana ilipauka, na ili kujua kama bado ina wino mtu aliishikilia dirishani akaitazama kwa mwanga. Penye wino palikuwa peusi, na pale kalamu ilipokwisha kupita mwanga ulipenya, mistari myembamba, herufi kwa herufi. Nalieleza jambo hilo mapema maana yote nitakayosimulia yalitoka hapo.

Nilikuwa na miaka kumi, katika miaka ile ya sabini ambayo wanajeshi walitawala na watu wazima walizoea kuzungumza wakitazama chini. Tuliishi kambi ya polisi upande wa barabara ya Ggaba, mwendo mfupi kutoka madukani Kansanga, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na kibaraza cha kupikia. Baba yangu alikuwa sajenti. Babu yake aliletwa Uganda kutoka Sudani kama askari wa Waingereza, na tangu hapo wanaume wa ukoo wetu walizaliwa kambini, wakaoa kambini, wakazikwa karibu na kambi. Watu walituita Wanubi, wengine kwa salamu na wengine kwa kugeuza uso. Kaka yangu Yusufu alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa Sinia ya Nne, yaani kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Mwaka huo mkubwa mmoja wa jeshi alifika kambini akaandikisha majina ya vijana wote waliokuwa wakimaliza shule. Atakayepata cheti angeachwa aendelee na masomo, na atakayekikosa angepelekwa mafunzoni mara tu matokeo yakitoka. Vijana wawili wa jirani zetu walikuwa wamechukuliwa mwaka uliotangulia. Mmoja hakurudi. Mwingine alirudi likizo, akawa anashinda kibarazani kwao akipasua vijiti vidogo vidogo, na mama yake alitukanya watoto tusimpite kwa nyuma. Mama yangu alikuwa akimtazama kijana yule kisha anamtazama Yusufu, anaingia ndani, na tulijua alichoenda kufanya huko kwa jinsi macho yake yalivyokuwa alipotoka.

Kufaulu kulihitaji kusoma, na kusoma kulihitaji mwalimu au kitabu, navyo vyote viwili vilikuwa vimeadimika. Walimu wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na ndugu zao, Wazungu walikuwa wamefunga mizigo, na Waganda wenyewe walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, wengine tukisikia wako Kenya na wengine tusisikie kitu. Maduka ya vitabu yaliuza viatu, na baadaye hayakuuza chochote. Shuleni kwa Yusufu walibaki mwalimu wa bayolojia aliyefundisha na jiografia, na mwingine wa hesabu aliyejitwisha Kiingereza. Kemia na historia hazikuwa na mtu. Wanafunzi wa masomo hayo waliketi mbele ya ubao mtupu kipindi chote, kengele ikilia wanatoka. Ndipo Yusufu akapata akili ya kugawana. Alikuwa anamfahamu Okello, mtoto wa askari jela kule Luzira, ambaye shule yake ilibakiwa na mwalimu mzuri wa kemia na fizikia. Pia alimfahamu msichana wa Lubaga, Teopista, ambaye sisi tulimwita Teo. Teo alisoma kwa masista, na huko kulikuwa na sista mmoja wa historia ambaye alikataa kuondoka, akisema amezeeka mno kukimbia. Wakapatana kwamba kila mmoja ataandika notsi za masomo yake kwa kaboni, nakala moja yake na mbili za wenzake, na kila wiki wabadilishane. Kansanga itoe bayolojia na jiografia, Luzira itoe kemia na fizikia, Lubaga itoe historia na maandiko ya dini. Walifurahi sana siku ile, na mimi nilifurahi kwa sababu mjumbe nilikuwa mimi.

Ilibidi niwe mimi. Mvulana wa miaka kumi na saba akikutwa kizuizini na bunda la karatasi zilizoandikwa kwa mkono alikuwa na maswali ya kujibu, na wanaouliza wengine hawakujua kusoma, jambo lililozidisha hasira yao. Mtoto wa kike mwenye kawa kichwani hakuulizwa mengi. Mama alisuka kawa zile za kufunikia chakula, za rangi nyekundu na zambarau, kama walivyofanya wanawake wote wa kambini. Aliweka notsi chini kabisa ya sinia, juu yake kitambaa, juu yake mihogo ya kuchemsha, na kawa juu ya yote. Jumamosi moja nilikwenda Lubaga, iliyofuata Luzira, kwa miguu kwenda na kurudi. Askari wa kizuizi cha njia ya Lubaga alinizoea.

"Wewe mutoto, leo nabeba nini?"

"Muhogo, afande. Napeleka kwa mama mukubwa."

Alikuwa anainua kawa, anachukua kipande kimoja, anafunika tena kwa adabu, na mimi nahesabu hatua mpaka nimepita kona. 

Kaboni zilitoka kwa baba. Hapakuwa na duka lililouza kaboni, lakini kituo chake cha polisi kilipata, kwa sababu serikali ile haikukosa karatasi za kuandikia watu. Baba alikaa kwenye meza ya mapokezi na kazi yake ilikuwa kuandika: nani kaletwa, kazi yake nini, kakutwa na vitu gani, kachukuliwa na nani. Alisifiwa kwa mwandiko. Herufi kubwa za mwanzo wa majina alizizungushia mkia uliopinda ukarudi ukapita chini ya jina zima, na mimi niliziiga kwenye mchanga. Kaboni zikishatumika alitakiwa azichome. Yeye alizikunja akazileta nyumbani ndani ya kofia, akampa Yusufu, na hilo ndilo jambo pekee ninalolikumbuka ambalo baba alilifanya kinyume cha amri. Alitoa sharti moja tu. Kila kaboni mpya ilitumika kwanza humu ndani, Yusufu aandike juu yake mara tano au sita mpaka maandishi ya kituoni yapotee, ndipo itumike nje. Kwa hiyo kulikuwa na mafungu mawili juu ya kabati, la kaboni chakavu na la kaboni zinazong'aa, na lile la pili hatukuruhusiwa kuligusa. Hatukuambiwa sababu. Yusufu nadhani alijua, maana sikuwahi kumwona akiishikilia kaboni mpya kwenye mwanga.

Miezi ile tulisoma sote. Jioni kabla giza halijaingia Yusufu alizunguka kibaraza akisema notsi kwa moyo, mimi nikiwa na karatasi mkononi kumkosoa, na mama akisikiliza huku akisuka. Mpaka leo naweza kukutajia sehemu za ua na tabaka za udongo, kwa Kiingereza cha Yusufu, kwa mpangilio wake. Siku moja alifika kwenye notsi za Okello za jinsi sabuni inavyotengenezwa, mafuta yanachanganywa na nini, yanachemshwa vipi. Mama akaweka ukili chini.

"Kama huyo Okello najua sabuni, aje apike hapa. Sisi tutaleta majivu."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Namtaja mama akichekesha kwa sababu sitapata nafasi nyingine ya kumtaja hivyo katika kisa hiki.

Nyumba ya kina Teo ilikuwa mteremkoni chini ya kanisa kuu, ndogo, yenye bati jekundu na maua ya kupanda mlangoni. Safari ya kwanza nilibisha hodi kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo, nikasikia kitu kikianguka ndani. Mlango ulifunguliwa baada ya muda mrefu, na mama yake Teo akatazama juu ya kichwa changu, kushoto na kulia, akimtafuta mtu mzima aliyenileta. Teo alikuja akanishika bega akacheka kidogo. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba nikija tena nisipige hodi, niite jina lake tu. Sikuelewa. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wanaokuja kuchukua watu. Walikuwa wameshakuja mjini, kwenye ukumbi ambako baba yake alikuwa na meza ya kutengenezea saa. Walimwondoa mchana kweupe na miwani yake ya kukuzia ikiwa bado jichoni. Miezi minne ilikuwa imepita. Mama yake alikuwa ameshauliza kila kituo anachokijua, na kila mahali aliambiwa mtu huyo hayumo vitabuni. Alipakua chakula cha mume wake kila siku saa saba, akakifunika, na jioni akawapa watoto wa jirani. Nimewahi kupewa mimi chakula hicho, ndizi na mchuzi wa karanga, nikala nikashukuru.

Nilimpenda Teo kupita kiasi. Hakuwa mrembo wa kusimuliwa, lakini alizungumza nami taratibu na kuningoja nimalize sentensi. Siku aliponiandikia jina langu kwenye pembe ya karatasi nililala nayo chini ya mto. Kwa hiyo zilipobaki wiki tano mtihani ufike, akaniambia kaboni zake zimekwisha kabisa, moyo wangu uliruka kwa sababu hatimaye nilikuwa na kitu cha kumpa. Mada ya mwisho ya historia ilikuwa bado. Ilihusu maasi ya askari wa Kisudani, wale walioletwa na Waingereza wakachoshwa na safari zisizokwisha na mshahara usiofika. Sista alikuwa na hakika itatokea kwenye mtihani. Teo alikuwa amenitazama akauliza, "Hawa si ndiyo babu zenu?" nami nikasema ndiyo, nikijisikia mtu mkubwa. Yusufu bila mada hiyo alikuwa na nusu ya historia tu, na bila historia hakuwa na hakika ya kufaulu masomo sita yaliyotakiwa kwa cheti. Nyumbani aliniambia nichukue kaboni mbili za fungu la chakavu, nizifunge kwenye kitambaa, nimpelekee Teo Jumamosi.

Nilipanda kiti. Zile chakavu zilikuwa zimepauka, zina mikunjo na alama za vidole. Nikafikiri nitampaje Teo vitu vya hivyo. Nilijua sharti la baba, sitasema sikulijua. Nilinyoosha mkono nikatoa moja iliyokuwa chini kabisa ya fungu linalong'aa, safi, nyeusi tii, nikaiweka pamoja na moja chakavu, nikashuka. Hakuna aliyeniona. Njia nzima nilikuwa nikiuona mbele yangu uso wa Teo akifurahi.

Alifurahi kweli. Tulikuwa sebuleni kwao, asubuhi, jua linaingia kwa dirisha la upande wa mashariki, na mama yake anapepeta kunde uani. Teo aliichukua ile mpya kwa ncha za vidole akasema, "Hii kalatasi ni mpya kabisa," kisha akafanya kama kila mtu afanyavyo, akaishikilia dirishani aone wino. Nilisimama pembeni yake. Niliona mistari ya mwanga ikitokea ndani ya weusi, na nikautambua ule mkia uliopinda, umezunguka herufi ya kwanza ukapita chini ya jina. Kiingereza sikukijua cha kutosha, lakini mwandiko niliujua.  Midomo ya Teo ilisoma bila sauti, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ikarudi juu ikasoma tena.

"Hii nani naandika?" aliniuliza.

"Ni baba yangu," nikasema. "Baba naandika muzuri kushinda wote kwa kituo."

Nilisema hivyo. Nilisema kwa majivuno, nikiwa nimeinua kidevu, nikingoja asifie. Yaliyokuwa kwenye kaboni niliyajua baadaye: jina la mtu, kazi yake fundi wa saa, vitu alivyokutwa navyo, saa tatu za mkono na miwani moja ya jicho moja, na mwisho kwamba amechukuliwa na watu wa jeshi ambao hawakuweka saini. Teo alishusha kaboni. Alinitazama kwa muda ambao sijawahi kuupima, si kwa chuki, afadhali ingekuwa chuki. Uani mama yake aliuliza kitu kwa Kiganda, naye akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaniambia niende nyumbani, notsi hazijawa tayari, nirudi Jumamosi. Kaboni zote mbili alibaki nazo.

Wiki ile Yusufu aliniuliza mara kumi kwa nini notsi hazikuja, na mara kumi nilisema hazijawa tayari. Nilihisi nimefanya jambo, bila kujua ni jambo gani. Sikuweza kula vizuri, na mama akanipa majani ya mwarobaini akidhani ni homa. Jumamosi nikaenda. Sikubisha hodi, niliita jina, na Teo akatoka nje akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na bahasha iliyojaa. Aliipanga mwenyewe chini ya sinia, akatandika kitambaa, akarudisha mihogo, akafunika kawa, akaisawazisha kichwani kwangu.

"Mpe Yusufu. Yote iko hapo. Mwambie asome mpaka mwisho." Kisha akaongeza, "Wewe usikuje tena."

Nilimuuliza kama amenikasirikia. Alitikisa kichwa, akaingia ndani.  Pale kizuizini askari aliinua kawa akachukua kipande chake, akaniuliza mbona nalia, nikasema mguu unauma.

Notsi zilikuwa kurasa kumi na moja, zimeandikwa kwa uangalifu kuliko zote zilizotangulia, sababu za maasi zimepangwa, matokeo yamepangwa, hata maneno magumu yamepigiwa mstari. Hakuna kilichokosekana. Yusufu alizisoma kibarazani amesimama, anacheka peke yake kwa furaha, mpaka akafika ukurasa wa mwisho akaacha kucheka. Chini ya mstari wa mwisho Teo alikuwa ameweka ile kaboni yetu juu ya karatasi, akapitisha juu yake penseli aliyoilaza ubavu, huku na huku, bila kuacha nafasi, mpaka kukatokea kisanduku cha buluu chenye ukubwa wa kiganja. Na ndani ya kisanduku, pale ambapo wino ulikuwa umeshachukuliwa na kalamu ya kwanza, jina la baba yake lilibaki jeupe. Lilikuwa zima, na mkia wake uliopinda ukipita chini, kwa mwandiko wa baba yangu.

Baba alirudi kutoka kazini saa kumi. Yusufu hakuficha. Alimpa ukurasa ule mkononi, pale pale mlangoni, kabla hajavua kofia. Baba aliutazama, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza akiwa na mkanda na buti.

"Nani natoa kaboni hii?"

"Mimi," nikasema.

"Na yule musichana naona?"

"Yeye naona. Yeye nauliza nani naandika. Mimi nasema ni wewe."

Nilingoja kofi. Nilikuwa nalitaka. Baba alisema tu, "Umesema kweli," na sauti yake haikuwa ya sajenti.

Mama alikuwa ameshika ukili, haendelei kusuka. Yusufu ndiye aliyeuliza kama mtu huyo yuko hai. Baba alizungusha kofia magotini. "Wanaleta watu, mimi naandika. Wanakuja kuchukua, mimi naandika. Wao hapana kuniambia iko wapi." Baadaye akasema, taratibu, kwamba wa namna ile, waliochukuliwa bila saini, hajawahi kumwona hata mmoja akirudi kuchukua vitu vyake. Mama alimwambia aende Lubaga akamwambie yule mwanamke, ili aache kumpakulia. Alimwambia hivyo mara moja tu.  Baba alisimama, akazishusha kaboni zote juu ya kabati, akazichoma jikoni moja baada ya nyingine. Moshi wake ulikuwa mweusi na ulinuka mtaa mzima wa kambi, na majirani hawakuuliza kitu. Notsi hakuzichoma.

Nilimngoja aende Lubaga. Kila Jumapili nilimwona akinyoa ndevu, akavaa kanzu, na moyo wangu ukasema leo anakwenda, kisha anakaa kitini mpaka jua linatua. Alikuwa anaogopa, na sasa najua alichokiogopa, maana mtu aliyetoa habari kama ile angeweza kuandikwa na mwenzake kwenye meza ile ile. Alikuwa na watoto. Haya nimeshayasema mara nyingi, hata mbele ya kaburi lake, na bado hayanitoshi. Mimi nami sikwenda kumwambia, na miguu nilikuwa nayo.

Yusufu hakutaka kuzisoma zile kurasa. Kwa siku nne alizunguka kibaraza akisema bayolojia ambayo alishaijua. Siku ya tano mama alizichukua, akamwekea mapajani, akasimama mbele yake na mikono imekunjwa mpaka alipoanza. Alizisoma akilia, kwa hasira, akikosea na kurudia, nami nikimkosoa na karatasi mkononi, kiganja changu kimefunika kile kisanduku. Siku ya mtihani wa historia mada ya maasi ilitokea. Aliporudi alisema neno moja, "Imekuja," akalala na viatu.

Mtihani ulipomalizika nilikiuka neno la Teo nikaenda Lubaga, bila sinia na bila kawa. Maua ya mlangoni yalikuwa yamekauka na kwenye mlango kulikuwa na kufuli. Mwanamke wa nyumba ya pili alinitazama sana kwanza, kisha akaniambia kwamba mama na binti walikuwa wameondoka zamani, wiki nyingi, siku mbili tatu tu baada ya kile kitoto cha Kiswahili kuja mara ya mwisho. Hakujua kwamba kitoto chenyewe nilikuwa mimi, au alijua. Walikwenda wapi hakusema. Nilihesabu wiki kwa vidole nikiwa nimekaa kwenye ngazi yao. Teo hakufanya mtihani. Alipokuwa akiandika zile kurasa kumi na moja na kupigia mistari maneno magumu, mizigo yao pengine ilikuwa imeshafungwa, na yeye mwenyewe hakuwa na kazi tena na historia.

Yusufu alifaulu masomo sita, na historia ndiyo aliyoipata vizuri kuliko zote. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya jeshi. Alisoma, akawa mfamasia, akaoa, ana wajukuu, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza jambo hili mimi na yeye kwa zaidi ya dakika moja. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa historia. Nilifundisha miaka mingi, na kila mwaka nilipofika mada ya maasi ya askari wa Kisudani nilimwomba mwenzangu wa darasa la jirani anishikie kipindi. Wenzangu walidhani ni kwa sababu ya damu yangu ya Kinubi.

Mwezi uliopita mjukuu wa Yusufu alikuja kwangu kujisomea. Ana simu, na ndani ya simu zimo notsi za kila somo, bayolojia, kemia, jiografia, za shule hii na ile, amezipata kwa kubonyeza. Alilalamika kwamba ni nyingi mno, hajui aanze na zipi. Hakuna aliyetembea kuzileta, hakuna aliyezificha chini ya mihogo, na namshukuru Mungu kwa hilo, sitaki yeye wala mtoto mwingine yeyote arudi tulikotoka. Akitafuta kalamu kwenye droo yangu akauona ukurasa wa kumi na moja, akausogeza dirishani auone vizuri. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, maandishi ya Teo yamefifia, lakini kisanduku cha buluu bado kimeiva. Akaniuliza ni mwandiko wa nani, ule mweupe wa katikati, mbona ni mzuri hivyo. Lilikuwa swali la Teo, na mtoto mwingine tena amesimama dirishani. Nikamwambia ni wa baba mkubwa wa babu yako, hapana, nikajisahihisha, ni wa baba wa babu yako, na safari hii sikuinua kidevu. Kisha nikamweleza jina lile ni la nani.

Hapa sitaliandika. Mtu yule hana kaburi ninalolijua mimi, na huenda ukurasa huu ndio mahali pekee jina lake lilipobaki kwa mkono wa mtu wa mwisho aliyemwandika akiwa hai. Jina hilo si letu. Kama Teo yu hai na haya yanamfikia, atakijua kile kisanduku cha buluu, maana alikitia rangi yeye. Mimi bado naishi upande huu wa Kansanga. Nyumba yangu ina mlango wa kijani, na hahitaji kubisha hodi, aite jina langu tu. Aliwahi kuniandikia pembeni mwa karatasi, kwa hiyo analijua.